Utepe wa Chumba cha Hewa

Si zamani sana, na si mbali kiasi cha kumtisha msafiri, kuna nchi iitwayo Hewala. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona. Ramani yake ilikwisha kuchorwa, ikapigwa chapa kwa rangi nne, lakini bado haijazinduliwa, na katika Hewala kitu ambacho hakijazinduliwa hakitumiki.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya nchi ile. Daraja likijengwa, watu huendelea kuvuka mto kwa miguu, nguo zimepandishwa mapajani na viatu viko kichwani, mpaka apatikane mgeni rasmi wa kuja kukata utepe. Kipo choo katika soko la mji mkuu ambacho kina mwaka wa sita kikiwa na utepe wake mlangoni. Wachuuzi hukipita mbio wakielekea vichakani, na wakifika usawa wa mlango hupunguza mwendo kidogo kwa adabu. Kauli mbiu ya taifa imeandikwa juu ya mlango wa kila ofisi: HEWALA HAIGOMBI. Mtoto wa huko hufundishwa kusema hewala kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake.

Basi ndani ya nchi hiyo njema kukaingia maradhi ya kifua. Yalianza na kikohozi, yakafuata na homa, na kufikia siku ya tano au ya sita mgonjwa aliitafuta pumzi kama mtu atafutaye sindano gizani. Mheshimiwa Mkuu wa Nchi alipoulizwa, alicheka kicheko cha baba mwenye watoto waoga, akasema, "Ni upepo tu, utapita." Kesho yake maneno hayo yakachapishwa katika gazeti la serikali, na tangu hapo maradhi yakawa na jina rasmi, Upepo. Daktari mmoja aliyethubutu kuyaita kwa jina la kitabuni alihamishiwa kituo cha afya kilichopo kwenye kisiwa kisicho na watu. Inasemekana takwimu zake huko ni nzuri mno.

Katika Hospitali Kuu ya Hewala alikuwapo katibu mmoja, Hamdani Mbwera, mwanamume wa miaka hamsini na moja, mpole, kola yake safi siku zote. Hakuwa daktari wala muuguzi. Barua yake ya ajira ilisema asimamie vifaa na ustawi wa wafanyakazi, lakini jambo lililompa jina lilikuwa lingine. Hamdani alikuwa bingwa wa risala.

Anayetaka kuielewa Hewala na aielewe kwanza risala. Hakuna mgeni rasmi anayekwenda mahali asisomewe. Risala ina aya nne. Ya kwanza humsalimu mgeni kwa vyeo vyake vyote, ya pili hutaja mafanikio, ya tatu hutaja changamoto, ambazo sharti ziwe chache, na ya nne humshukuru mgeni kwa kuzitatua, ingawa ndiyo kwanza amezisikia. Utamu wa Hamdani ulikuwa katika aya ya tatu. Paa la wodi ya wazazi lilipoanguka, aliandika kwamba wodi hiyo sasa inapata mwanga wa asili mchana kutwa. Maji yalipokatika wiki tatu, aliandika kwamba wahudumu wameonyesha moyo wa kubana matumizi. Wakubwa walimpenda kwa hilo, naye alipenda kupendwa. Ukutani kwake zilitundikwa tuzo kumi na saba za usomaji bora wa risala, kila moja na fremu yake, na kila asubuhi alizipangusa vumbi mwenyewe.

Upepo ulipovuma, wodi namba tano ikafurika. Hospitali nzima ilikuwa na mitungi miwili ya oksijeni, mmoja mzima na mmoja unaovuja, nao wagonjwa wakawa wanapokezana. Ndipo ikaja neema. Watu wema wa nchi ya mbali wakaleta mitungi ishirini, imejaa, mipya, na mipira yake na vipimo vyake. Ikapangwa vizuri katika chumba kilichopakwa rangi siku hiyo hiyo, hatua thelathini kutoka wodi namba tano. Mlango uliachwa wazi bila kufuli, kwa sababu fundi wa kufuli alikuwa amelazwa. Ukatundikwa kibao, CHUMBA CHA HEWA, na chini yake neno moja, KITAZINDULIWA. Kisha kutoka fremu hadi fremu ukafungwa utepe mwekundu wenye upana wa vidole viwili. Hamdani, kwa kuwa ndiye msimamizi wa vifaa, akakabidhiwa mkasi wa dhahabu uliolazwa juu ya kimto cha mahameli, akaambiwa autunze kwa maisha yake.

Barua ya mwaliko kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya Njema iliandikwa jioni hiyo. Waziri akajibu kwa furaha kwamba atakuja kuzindua siku ya Jumatano. Hakusema Jumatano ipi. Jumatano ya kwanza ikapita, ikapita na ya pili, na ya tatu alituma salamu.

Isije ikadhaniwa kwamba serikali ya Hewala iliwasahau wahudumu wake. Hata kidogo! Iliunda Kamati ya Taifa ya Kuwatia Moyo Wahudumu, yenye wajumbe arobaini, na kila mjumbe akapewa barakoa kumi, kwa kuwa kumtia mtu moyo ni kazi ya hatari. Kamati ikaamuru kila Ijumaa saa sita mchana taifa zima lisimame na kuwapigia wauguzi makofi kwa dakika tatu. Wauguzi wakaomba glavu. Kamati ikakaa, ikatafakari, ikaongeza makofi yakawa dakika tano.

Baadaye ukaja Msafara wa Mkono wa Pongezi. Wajumbe wote arobaini waliingia hospitalini, wakampa mkono kila daktari, kila muuguzi na kila mfagizi, wodi baada ya wodi, mkono baada ya mkono, bila kumbagua yeyote. Wiki iliyofuata wauguzi kumi na mmoja wakalazwa. Wajumbe nao walilazwa, ila wao walilazwa ng'ambo.

Aliyebaki kuiongoza wodi namba tano alikuwa Sista Mwajabu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, na alikuwa amezifua glavu zake mara nyingi hata zikawa nyepesi kama ngozi ya kitunguu. Kwa kukosa joho la kujikinga alivaa fulana aliyopewa na Kamati. Kifuani iliandikwa TUKO PAMOJA NANYI, na mgongoni, KWA MBALI.

Siku ya Jumatatu mchana Sista Mwajabu alikuja ofisini kwa Hamdani. Hakuingia, alisimama kizingitini.

"Karibu ndani, Sista," Hamdani alisema.

"Nitabaki hapa hapa, nisije nikakuletea Upepo. Katibu, nasikia Waziri anakuja keshokutwa."

"Inshallah. Safari hii wametaja na tarehe."

"Na risala ni wewe?"

"Kama kawaida."

"Basi nina aya yangu ya tatu. Wenzangu wamenituma. Nakuomba uisome neno kwa neno, usiivishe suti."

Akaiweka karatasi juu ya kiti cha wageni kilichokuwa karibu na mlango, akarudi nyuma. Hamdani akaifuata. Ilikuwa karatasi ya kuandikia joto la wagonjwa, na nyuma yake, kwa mwandiko wa mtu asiye na muda, iliandikwa hivi:

*Mheshimiwa, mitungi ishirini ya hewa imekaa hatua thelathini kutoka kwa wagonjwa wetu kwa siku ishirini na tatu, ikisubiri mkono wako. Ndani ya siku hizo tumetoa wodini maiti arobaini na sita. Tunaomba kitu cha kumpa mtu pumzi kisisubiri tena mgeni. Makofi tumeshiba.*

Hamdani aliisoma mara mbili. Jasho likamtoka chini ya kola.

"Sista, maneno haya..."

"Yana uongo?"

"Hapana. Ni mazito."

"Najua ni mazito. Mimi nimeyabeba mpaka hapa mlangoni. Wewe yabebe kutoka hapa mpaka kwenye kipaza sauti. Ni mwendo mfupi, Katibu. Umeniahidi?"

Nataka tumtendee haki Hamdani. Wakati ule alimaanisha. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia katika mfuko wa koti, upande wa moyo, akasema, "Hewala, Sista." Mwajabu akacheka kidogo, akageuka kwenda zake, na alipofika kwenye ngazi akakohoa. Hamdani alikisikia kile kikohozi, lakini alichukua kitambaa akaendelea kupangusa fremu zake.

Asubuhi ya Jumanne ikakaa Kamati ya Kupitia Risala. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Khelef, Afisa Itifaki kutoka wizarani, kijana wa suti ya kubana, aliyekuja na wino mwekundu. Kando yake aliketi Daktari Mtupa, Mganga Mfawidhi wa hospitali, ambaye tangu rafiki yake, yule daktari, apelekwe kisiwani alikuwa na tabia ya kuangalia meza. Hamdani hakuitoa ile karatasi yenyewe. Alikuwa ameyanakili maneno ya Mwajabu katika risala, neno kwa neno, na kwa hilo alijiona shujaa.

Bwana Khelef aliisoma polepole.

"Siku ishirini na tatu," alisema. "Nambari hii ni ya kazi gani? Nambari huumiza. Tuandike 'kwa muda'."

"Hewala," akasema Hamdani.

"Tumetoa maiti. Hapana, hapana. Mheshimiwa atakuwa ametoka kula."

"Tungeweza kusema 'tumeagana na'," alipendekeza Hamdani mwenyewe, na aliposikia ulimi wake ukileta neno lile kwa wepesi namna ile, alijichukia.

"Kuagana kuna huzuni. Andika 'wagonjwa arobaini na sita wamemaliza matibabu yao'. Si kweli kwamba wamemaliza, Daktari?"

Daktari Mtupa akaiangalia meza. "Wamemaliza," alisema.

"Makofi tumeshiba. Hili zuri! Shibe ni mafanikio, lihamie aya ya pili."

Baada ya saa moja na nusu aya ya tatu ilikuwa imebaki sentensi moja tu: *Mheshimiwa, mitungi ishirini imekusubiri kwa utulivu na kwa hamu kubwa.* Bwana Khelef akagonga muhuri. Akampigapiga Hamdani begani, akamwambia kwamba watu wenye kalamu kama yake wamebaki wachache nchini.

Hamdani alipotoka kwenye kikao alikuta mfagizi wa wodi akimsubiri ukumbini. Sista Mwajabu ameanguka, aliambiwa. Alikuwa akimpimia mgonjwa joto, akakaa chini taratibu kama mtu anayetaka kufunga kamba ya kiatu, hakuinuka tena. Kumbe alikuwa na homa tangu Ijumaa na hakumwambia mtu, kwa kuwa hapakuwa na wa kumpokea zamu. Sasa yumo mle mle wodini kwake, kitanda cha mwisho dirishani. Mtungi mzima uko kwa mama mjamzito, na ule unaovuja umekwisha asubuhi.

Saa tisa mchana akaja mama yake, Bi Mashavu, bibi mnyoofu wa mgongo, aliyefunga kanga zake vizuri kama mtu aendaye shughulini. Alimwona mwanawe kupitia dirishani. Alipouliza dawa ni nini, wauguzi walimwambia, ni hewa. Alipouliza hewa iko wapi, walimwonyesha kwa kidole. Bibi akahesabu hatua zake mpaka kwenye mlango wenye utepe, akasimama, akatazama ndani mitungi ilivyojipanga, kisha akaenda moja kwa moja ofisini kwa Hamdani.

"Mwanangu, wewe ndiye mwenye chumba kile?"

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye msimamizi."

"Marahaba. Mlango hauna kufuli."

"Hauna, mama."

"Basi nini kinachomzuia mtu?"

"Ni utaratibu, mama. Kesho saa nne asubuhi Mheshimiwa anakuja. Bado saa chache tu."

"Mwajabu hana saa chache." Alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Mwanangu, utepe ule hauna meno. Inama, upite chini yake."

Hamdani akaahidi kuzungumza na wahusika. Alimkuta Bwana Khelef uwanjani akipima umbali kati ya viti vya mbele.

"Ukikata utepe leo," Khelef alimwuliza, "kesho Mheshimiwa atakata nini?"

"Tunaweza kufunga mwingine."

"Utepe wa pili huo utakuwa udanganyifu, Katibu. Serikali haidanganyi wananchi."

Jua lilikuwa limeanza kulala Hamdani alipokwenda peke yake mpaka mbele ya Chumba cha Hewa. Hakuchukua mkasi, kwani bibi alikuwa amesema kweli, palihitajika kuinama tu. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Akainama. Kichwa chake kilikwisha kupita chini ya utepe, na mkono umenyooshwa kuelekea mtungi wa kwanza, mara akasikia nyuma yake, "Shikamoo, Katibu."

Alikuwa yule mfagizi, na ndoo yake mkononi. Hakuwa polisi, hakuwa afisa itifaki. Mfagizi! Angeweza kumwambia, njoo tusaidiane kubeba, na yule mtu angeitupa ndoo akaja. Lakini mgongo wa Hamdani ulikuwa na mazoea yake. Ukarudi nyuma, ukanyooka wenyewe, na mikono yake ikaushika utepe ikaanza kulainisha fundo.

"Marahaba," alisema. "Nilikuwa nauweka sawa tu."

Mfagizi akautazama utepe, akamtazama yeye. "Umekaa sawa, Katibu," alijibu, akapita na ndoo yake.

Hamdani akaenda nyumbani. Usiku huo hawakumwona akila.

Jumatano hiyo Mheshimiwa alikuja kweli. Ratiba ilisema saa nne, kwa hiyo watu walikaa chini ya turubai tangu saa mbili, na Mheshimiwa akatokea saa tisa na nusu, akawashukuru kwa uvumilivu. Wagonjwa wa wodi namba tano walikuwa wamefichwa nyuma ya pazia refu la buluu, kwa sababu kukohoa kwao kulikuwa kukiingilia matangazo ya kipaza sauti. Mbele ya pazia palikuwa na kitanda kimoja kipya, na juu yake Mgonjwa wa Mfano, karani wa wizarani mwenye afya tele, amevaa nguo mpya za kulalia zenye mistari. Alikuwa amefanya mazoezi ya kupumua kwa shida kwa siku mbili, na alikuwa ameanza kuyamudu.

Hamdani akaitwa. Akasimama nyuma ya kipaza sauti, risala ndani ya jalada la kijani, na karatasi ya Mwajabu bado mfukoni, upande wa moyo. Aliisoma aya ya kwanza, vyeo kumi na vinne, makofi. Aliisoma aya ya pili, makofi. Kisha akafika penye aya ya tatu.

Kutoka nyuma ya pazia ilisikika sauti ya mtu anayevuta pumzi. Ilikuja, ikakatika, ikakaa, ikaja tena. Huenda alikuwa mgonjwa mwingine, walikuwamo wengi. Hamdani aliijua. Kwenye safu ya nyuma kabisa, kando ya viti vya wananchi, Bi Mashavu alikuwa amesimama akimtazama.

Mkono wa Hamdani ukaingia mfukoni. Vidole vikaigusa karatasi, vikaijua mikunjo yake minne. Watu walisubiri. Waziri aliinua uso. Bwana Khelef alisimama nusu. Mkono ukatoka, na ulipotoka ulikuwa umeshika leso.

Akajifuta uso. "Mheshimiwa," alisoma, "mitungi ishirini imekusubiri kwa utulivu na kwa hamu kubwa."

Turubai zima likalipuka kwa makofi. Hamdani aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Ilimpanda toka miguuni ikamjaa mpaka masikioni, na bado sauti yake iliendelea kusoma aya ya nne, na ilisoma vizuri sana.

Mheshimiwa Waziri akahutubia. Alisema Hewala ina hewa, na yeyote asemaye Hewala haina hewa avute pumzi aone. Alisema mataifa mengine yana mitungi lakini hayana utepe. Alisema wauguzi ni mishumaa, na mshumaa hauombi glavu. Kisha akaongozwa mpaka mlangoni, akaletewa mkasi wa dhahabu juu ya kimto. Mkasi ukagoma. Ulikuwa wa dhahabu bwana, haukuwa na makali. Mheshimiwa akajaribu mara tatu, kamera zikimsubiri, hatimaye akakasirika, akaukamata utepe kwa mkono mmoja akauvuta, ukakatika bila ya kelele. Hamdani alikuwa karibu kiasi cha kuona kwamba hakutumia nguvu yoyote.

Mtungi wa kwanza akapewa Mgonjwa wa Mfano, akatabasamu na kuinua kidole gumba. Mitungi iliyobaki haikuweza kuondoka mara moja, kwa kuwa ilihitajika kwenye picha ya pamoja: Mheshimiwa na mitungi, Kamati na mitungi, wadau na mitungi. Wakati wa picha ya Kamati taifa liliombwa kuwapigia wauguzi makofi maalumu ya dakika tano. Sista Mwajabu alikata roho katika dakika ya tatu au ya nne. Hakuna aliyesikia. Mitungi ilifika wodini saa kumi na moja, ikawafuta wagonjwa wengine tisa kwenye orodha ya kufa, na hilo hatuna budi kulikiri.

Kabla ya kuondoka, Waziri alimkabidhi Hamdani tuzo ya kumi na nane.

Kesho yake Mwajabu akatangazwa Shujaa wa Taifa, jambo ambalo Hewala hulifanya upesi na bila ya utepe. Jeneza likawekwa katika uwanja ule ule, chini ya turubai lile lile, viti havikuwa vimerudishwa. Mheshimiwa Waziri alikuja mapema. Hamdani akapewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu, nao ulikuwa umekwisha kupitiwa na kugongwa muhuri. Mwajabu, ulisema, alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, akiwa na furaha.

Hamdani akafika mbele ya kipaza sauti. Akalifunga jalada la kijani. Akatia mkono mfukoni, na safari hii mkono ukatoka na kile ulichokifuata. Akakunjua mara moja, mara mbili, mara tatu, mara nne. Akasoma yote, nambari zote, siku ishirini na tatu, maiti arobaini na sita, na akaongeza kwa kinywa chake, "Na huyu wa arobaini na saba." Akasoma "Makofi tumeshiba." Sauti ilimkatika mwishoni. Akainamisha kichwa, akingoja wamkamate.

Bwana Khelef alikuwa akiandika ujumbe kwenye simu. Alipoona kichwa cha msomaji kimeinama, alijua risala imekwisha, akapiga makofi. Safu ya mbele ikamfuata, kisha ya pili, kisha turubai zima, makofi yale yale ya jana. Mheshimiwa Waziri naye alipiga, akamwegemea jirani yake na kumwambia kwamba katibu huyu anasoma kwa hisia. Hapakuwa na wa kumkamata Hamdani, kwa maana hapakuwa na aliyemsikiliza. Miaka ishirini alikuwa amewazoesha kuisikia aya ya tatu kama watu wasikiavyo ngoma ya kusindikizia chakula, na kazi yake alikuwa ameifanya vizuri. Alisimama pale huku akipigiwa makofi, akatamani ardhi impokee yeye kwanza.

Mtu mmoja tu hakupiga. Bi Mashavu alingoja mpaka watu walipoanza kulinyanyua jeneza, akamjia polepole, akanyoosha mkono. Hamdani akampa ile karatasi. Bibi hakujua sana kusoma, lakini mwandiko wa mwanawe aliujua. Alipitisha kidole juu yake.

"Haya ni maneno ya Mwajabu."

"Ndiyo, mama."

"Alikupa lini?"

"Jumatatu."

"Kwa hiyo jana, uliposimama hapa, ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo, mama."

"Wapi?"

Hamdani akaugusa mfuko wa koti. Bibi akautazama ule mfuko, kisha akaikunja karatasi, kwa mikunjo yake ile ile minne, akamrudishia mkononi.

"Irudishe huko huko, mwanangu," alisema. "Imekwisha kupazoea."

Akageuka kulifuata jeneza. Hamdani Mbwera, bingwa wa risala, akatafuta neno la kumjibu, na katika maneno yote aliyopata kuyaandika maishani hakupata ila moja, lile la utotoni.

"Hewala, mama," alisema, akaitia karatasi mfukoni.